Nyumba Isiyopika Kahawa

Nyinyi wasichana mnaoingia kazini mwezi huu kwenye nyumba ya hifadhi, mmoja wenu amenipigia simu kuniuliza, "Dada Rahma, kwani kazi yenyewe hasa ni nini?" Nikamjibu ni kupokea watu. Akasema, mbona rahisi. Nikaona kwa simu hatutafika. Bora niandike.

Mimi sikustaafu kwa uzee. Nna miaka thelathini na kitu, watoto wawili, mdogo bado ananyonya. Ofisini wanasema "Rahma amestaafu" kwa sababu ni neno la heshima kuliko jengine. Basi na iwe hivyo, mstaafu anawaandikia. Na nimekasirika, sitaki mjiulize. Lakini hasira haimfundishi mtu kazi, kwa hivyo nitaikalia juu mpaka nimalize.

Nyumba yenyewe mmeshaiona: ukuta wa rangi ya mchanga, haina kibao, jirani zake wanadhani ni ya wanafunzi. Wanaoletwa pale ni wanawake na watoto waliopigwa majumbani mwao. Wanakaa kwa amri ya hifadhi mpaka uchunguzi uishe, kisha mahakama inasema nani aende wapi. Kazi yenu si kuamua. Kazi yenu ni saa ya kwanza, na zile siku ndefu baada yake ambazo hakuna kinachotokea isipokuwa watu kugombea mashine ya kufulia.

Aliyenifundisha mimi ni Bi Zuwena. Alizaliwa Tabora, akaletwa Maskati mtoto, na mpaka leo akikasirika anahesabu kwa Kinyamwezi. Mkimsikia anahesabu, tokeni chumbani. Siku yangu ya kwanza aliniambia mambo machache tu. Mwanamke akiingia usimuulize kwa nini hakuondoka mapema. Usimuulize kwa nini chochote. Muulize amekula? Mtoto mpe kazi: amenye chungwa, apange viatu, akushikie funguo. Mtoto aliyeona mamake anapigwa anadhani yeye hana analoweza. Mpe analoliweza. Na usikae juu ya kiti yeye akikaa chini. Vyuoni wanafundisha haya kwa vitabu vizito, na vitabu si vibaya, lakini chungwa linafanya kazi haraka.

Kisha akaninyang'anya dalla.

Nilikuwa nimekuja nayo kutoka kwetu, birika nzuri ya kahawa, ya shaba, na vikombe, na tende za khalas kwenye kopo. Nimelelewa Maskati, naona aibu mgeni aingie mahali asikute kahawa. Bi Zuwena akaitia kabatini akafunga.

"Hapa maji tu, mwanangu."

"Bi Zuwena, watu watasema hatukulelewa."

"Waseme. Babako akienda kwa watu kutaka jambo kubwa, anafanya nini na kikombe?"

Nilijua. Nyote mnajua. Wazee wakija na haja, wanakaa, wanamiminiwa kahawa, wanaviweka vikombe chini. Hawanywi. Mwenye nyumba akisema kunyweni, ndiyo wamepewa walichokijia. Asiposema, wanaondoka na kahawa imepoa, na aibu inabaki kwa mwenye nyumba, tena inatembea mtaa mzima. Kwa harusi na kwa kusameheana damu ni desturi nzuri kabisa, sina neno nayo. Lakini kwetu kila mzee anayebisha anataka jambo moja tu, mwanamke arudishwe. Ukimmiminia kahawa umeshampa kamba ya kukufungia. Maji hayana haja. Mtu anakunywa maji kwa kiu, basi. Kwa hivyo mkienda pale mkaona chupa za maji mezani na hakuna dalla, msione ni ubakhili. Na msilete.

Sasa nitawaambia habari ya Nasra, kwa sababu ndani yake kuna kazi yote.

Nasra alikuja asubuhi, mumewe akishaondoka kwenda Rusayl, ambako ni msimamizi wa ghala. Mumewe anaitwa Khalfan. Nasra alikuwa na binti yake wa darasa la kwanza, Thuwaiba, amevaa nguo za skuli. Nyuma yao alikuwa Prossy, msichana wa Uganda aliyekuwa akifanya kazi ya ndani kwao, amebeba begi la mtoto. Nasra mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kwa shela. Prossy mdomo wake wa juu ulikuwa umepasuka. Mkono uliofanya yote mawili ni mmoja.

Nikawakalisha. Wamekula? Hawajala. Thuwaiba nikampa chungwa, akalimenya polepole, akampa kipande mamake, akampa kipande Prossy, yeye hakula.

Halafu ikabidi niseme lile la kusema. Nyumba inapokea mke na watoto. Mfanyakazi hahesabiwi watu wa nyumba, kesi yake ni ya mambo ya kazi, anapelekwa ofisi iliyomleta nchini. Prossy akanisikiliza mpaka mwisho.

"Madam, si mimi ndiye nimewaleta hapa? Nimesimamisha teksi, nimebeba mtoto."

"Najua, dada."

"Sasa huyu Baba, akipiga, anachagua? Anapiga tu. Sheria yenu ndiyo inachagua."

Akampa Thuwaiba begi lake, akaenda Hamriya kwa gari ya ofisi iliyomleta.

Haikupita wiki wakaja wazee. Ami yake Khalfan, mzee mwenye kilemba kilichonyooka na bakora ya fedha, na wenzake wawili. Bi Zuwena akawaweka chumba cha mbele, mimi nikaleta maji. Ami akayatazama maji, akacheka kidogo. Kumbe walishasikia kuhusu nyumba yetu. Akamwashiria mwenzake, yule akatoa kwenye mfuko chupa ya kuhifadhi moto na vikombe. Wamekuja na kahawa yao.

Wakamimina wenyewe. Wakaviweka vikombe chini, wao wenyewe. Ami akaunganisha mikono juu ya bakora akasema, "Bibi, sisi tumekuja na haja, na hatutakunywa mpaka tuipate. Tunamtaka mke wa mtoto wetu na binti yetu, na yaliyopita yamepita."

Nikamtazama Bi Zuwena. Akainama, akachukua kikombe kilichokuwa mbele ya ami, akanywa. Akakitikisa kama mtu aliyetosheka, akakirudisha.

"Iliki imezidi kidogo," akasema. "Lakini ahsante, mmetukirimu. Mgeni akija na kahawa yake, yeye ndiye mwenyeji. Sasa mimi ndiye mgeni wenu, na nna haja. Haja yangu mkono wa Nasra upone."

Yule aliyebeba chupa alicheka, hakuweza kujizuia. Ami akamtazama, akaacha. Wakaondoka na chupa yao. Mnaweza kucheka na nyinyi, mimi nilicheka jikoni mpaka nikakaa chini. Lakini jueni kwamba mtu akishindwa kwa desturi, harudi kwa desturi. Anarudi kwa wakili.

Wakili wa Khalfan alikuwa kijana, hodari, kanzu yake nyeupe kama karatasi. Aliloandika lilikuwa hivi. Sheria ya msingi ya nchi inasema raia wote ni sawa, hakuna kubaguliwa kwa sababu ya kuwa mwanamume au mwanamke. Sasa iweje kuna nyumba inayofungua kwa wanawake na watoto peke yao? Iweje uchunguzi haujaisha na mtoto ameshapewa mama? Mteja wake naye amedhuriwa, siku ile alirushiwa kifuniko cha sufuria. Kwa hivyo amri ile ni ubaguzi dhidi ya baba. Ifutwe, na Thuwaiba arudi nyumbani.

Hapo ndipo lilipokuwa jambo zima. Maneno makubwa yote yale mwisho wake ni kitanda cha mtoto mmoja: kitakuwa kwa babake au hakitakuwa.

Nasra alipoambiwa, alikuwa anamsuka Thuwaiba kwa mkono mmoja, mimi nikimshikia nywele. Akauliza, "Na wanaweza?"

Nikamwambia ukweli. "Wakimsikiliza, wanaweza."

"Kwa kifuniko?"

"Kwa usawa."

Akaendelea kusuka. "Kifuniko kile nilijikingia nacho," akasema.

Msidhani ile hoja ni ya kipumbavu. Wanawake wengine pale nyumbani walisema, ati mwanamume naye anapigwa, hebu tucheke. Mimi sikucheka. Aliwahi kuja kwetu mzee mmoja wa Yiti, wanawe wawili wanaume wamempiga kwa ajili ya nyumba, sikio limevimba kama andazi. Kanuni inasema wanawake na watoto. Bi Zuwena alimkalisha chumba cha mlinzi, kwenye kiyoyozi, akamlisha mchuzi kwa mkono wake mpaka binti yake alipofika kumchukua. Yule mzee ndiye aliyekuwa na haki ya kuuliza iko wapi sheria yake. Na Prossy pia. Lakini mzee hakuwa na wakili, na Prossy alikuwa kwenye benchi la ofisi ile, Hamriya. Usawa ulikuja kudaiwa na mtu mwenye nyumba, gari, kazi, ami mwenye bakora ya fedha, na pasipoti ya msichana wa watu kwenye droo yake. Hapa ndipo hasira yangu ilipoanza na ndipo ilipo mpaka leo.

Bi Zuwena akasema, "Jaji atataka kusikia aliyekuwepo. Nani alikuwepo?"

Nilijua nani. Nikaenda kwanza kwa wakubwa wetu. Nikawaambia, Prossy ndiye shahidi wa pekee, na kafili wake, mwenye kibali chake cha kukaa nchini, ni Khalfan. Akisema dhidi yake, hana pa kurudi. Tumpokee hata kwa siku chache. Mkubwa wetu ni mama mzuri, ananukia udi, amesoma ng'ambo. Akaniambia, "Rahma, habibti, sisi hatushughuliki na wafanyakazi wa ndani. Tukimpokea mmoja, kesho watakuja wote."

Nikamwambia, "Si ndiyo maana yake wanapigwa wote?"

Akaniambia niende nikanywe maji.

Hamriya nilipanda ngazi nyuma ya duka la mabegi. Chumba kina benchi, wasichana wamekaa, mwenye ofisi anazungumza na simu mbili. Prossy alikuwa mwisho wa benchi, mdomo umeshapona lakini umebaki na mstari. Nikamweleza kila kitu bila ya kupamba. Nikamwambia hana lazima.

"Mimi kusema si shida," akasema. "Naweza kusema mbele ya mtu yeyote. Lakini nikimaliza kusema, nitalala wapi? Hapa watampigia Baba, aje anichukue. Kwenu mmekataa."

"Kwangu."

"Kwako ni hifadhi pia?"

"Kwangu ni ghorofa ya pili, na watoto wanaolia."

Akacheka, akaufunika mdomo kwa mkono. Msichana aliyekaa karibu naye akamwambia, "Nenda, we Prossy. Hata ukirudi hapa, benchi halikimbii."

Prossy akainuka, nikamchukua kwangu. Kumweka mtu ambaye kafili wake ameshampigia ripoti ya kutoroka ni kosa, na nilijua. Nawaambia ili mjue, na msije kusema hamkuambiwa.

Siku ya kesi, jaji aliruhusu jamaa wachache wa kila upande. Nasra alikuwa na kaka yake, Bi Zuwena na mimi. Khalfan alikuja na ami yake na wale wazee, wamekaa nyuma yake safu nzima, vilemba vimepangwa. Alitaka aonekane ana watu. Ndivyo wanavyofanya. Nimeona mara nyingi, mwanamume anakuja mahakamani kama anakwenda kuposa.

Wakili akasema yake, akasema vizuri. Jaji, mtu wa makamo, sauti ndogo, akamsikiliza bila ya kumkatiza. Kisha akamgeukia Khalfan mwenyewe.

"Wakili wako anasema nawe umedhuriwa, unataka ulinzi sawa na wa mkeo."

"Ndiyo."

"Tuseme nakubali. Niambie basi. Siku ile, ulimuogopa?"

Wakili akamtazama Khalfan kwa macho ya kumwomba. Jibu lilikuwa neno moja tu. Khalfan akageuza shingo kidogo, si sana, kiasi cha kuona kilemba cha ami yake.

"Mimi? Nimuogope mwanamke?" Akacheka. Na ami naye nyuma akacheka, kwa mdomo uliofungwa.

"Ulilala wapi usiku ule?"

"Kwangu. Kitandani kwangu."

"Ukijifungia?"

"Nijifungie kwa kumuogopa nani, kwangu?"

Jaji akaweka kalamu chini. "Nataka uelewe ninachokuuliza," akasema. "Usawa ni wa watu waliomo katika hali moja. Ukiniambia unaogopa kurudi nyumbani, leo hii nitaamuru utafutiwe mahali, na kama hapapo, tatizo ni letu, si lako. Unaogopa?"

"Hapana."

"Umeumia?"

"Kifuniko cha sufuria, sheikh," akasema Khalfan, na ikawa kama anajitetea kuwa hakuumia.

Wakili yule hodari, sikatai. Pale pale akageuza. Akasema, haya, kama hakuna khofu upande huu, basi na upande ule nao uthibitishwe. Nani anasema mtoto yuko hatarini? Mama peke yake, naye ana kesi na mumewe. Na Nasra wetu akainamisha kichwa, kwa sababu hilo lilikuwa kweli, hakukuwa na mwengine aliyesema.

Akaitwa Prossy. Alivaa abaya yangu, ndefu kwake, ameikunja mikono. Mkalimani wa mahakama akasimama kando. Khalfan alipomuona, tabasamu likamtoka. Wakili akataka kusema kwamba huyu ametoroka kazini, jaji akamwambia hilo litasikilizwa kwa wakati wake.

"Mtoto alikuwa analala wapi?" jaji akauliza.

"Kitanda chake kiko chumba kizuri, cha pinki," akasema Prossy. "Lakini yeye alikuwa analala kwangu, chumba cha pasi. Baba akianza kelele, mtoto anakuja peke yake. Hasemi kitu. Ananishika hapa." Akaonesha kiunoni. "Mimi nasukuma meza ya pasi mlangoni."

"Na siku ile?"

"Siku ile Baba alisukuma meza."

"Akimtafuta mkewe?"

"Hapana. Mama alikuwa jikoni, mkono ameshaumia. Baba alikuja kuchukua mtoto. Alisema mtoto aje aone mama yake ni mtu gani. Mimi nilikuwa katikati. Ndiyo hii." Akagusa mstari wa mdomo. Kisha akaongeza, kama mtu anayetaka kuwa mkweli mpaka mwisho, "Siku nyingine Baba si mbaya. Ananunulia mtoto aiskrimu."

Mkalimani akatafsiri mpaka aiskrimu. Hakuna aliyecheka. Ami alikuwa anatazama kichwa cha bakora yake.

Amri haikufutwa. Thuwaiba akabaki na mamake, na babake akaruhusiwa kumuona kwenye nyumba yetu, Bi Zuwena akiwa amekaa hapo hapo. Nasra hakulia wala hakushukuru mtu. Aliuliza kama anaweza kumbadilisha Thuwaiba skuli.

Nje kwenye ukumbi tulipita karibu na wale wazee. Ami alikuwa anamwambia mtoto wa ndugu yake, kwa sauti ya chini, "Si ungesema tu unaogopa, yaishe."

"Mbele yako, ami?"

Nilimuona mzee akiangalia huku na huku kama mtu aliyesahau gari lake ameliweka wapi.

Chukueni hilo muende nalo kazini. Wakija kuwaambia sheria hii inawaonea wanaume, msipige kelele. Waulizeni tu, nani kati yenu analala amesukuma meza? Anayesukuma meza, awe mwanamume, awe mzee wa Yiti, awe Prossy, huyo apokewe. Hilo ndilo ningeliandika mimi kama ningeulizwa, na hakuna aliyeniuliza.

Prossy sasa yuko kwao Mbale, ana kibanda cha chapati na mtoto wa dada yake anamsaidia hesabu. Safari ile ilichukua muda na watu wengi wema, wengine siwezi kuwataja. Lakini asubuhi ya baada ya kesi hatukuwa tunajua kama atafika popote. Niliamka nikamkuta jikoni, ameshaosha vyombo, ameanza kukuna sufuria ambayo mimi nimeshaikatia tamaa.

"Kaa chini, Prossy. Wewe mgeni hapa."

"Sijui kukaa, madam."

"Jifunze. Na mimi si madam."

Mume wangu akatoka chumbani, akatutazama, akasema, "Kama anaweza kuitoa ile nyeusi ya chini, muacheni," akaenda kuoga. Mwanangu mkubwa akamletea Prossy kitabu amsomee, akamsomea kwa Kiingereza, mtoto haelewi hata neno, wote wawili wametulia.

Simu ikalia. Yule mkubwa wetu wa kazini. Alisema Khalfan ameshapiga ripoti kwamba mfanyakazi wake yuko kwa mtumishi wa nyumba ya hifadhi, niende ofisini mara moja, na nije na funguo za kazi. Sauti yake ilikuwa ya kusikitika, ya kweli. Nikasema naja.

Nikavaa abaya. Funguo za kazi nikazitoa kwenye mkufu wa funguo zangu, nikazitia mfukoni. Ufunguo wa nyumbani kwangu nikampa Prossy mkononi, nikamwambia ajifungie kwa ndani, na asimfungulie mtu yeyote mpaka asikie sauti yangu. Nikasimama ngazini mpaka nikasikia kufuli limezunguka, ndipo nikateremka.